Shilingi tano ya uhuru, iliyosagika

Mikindani, Jumapili

Sarafu ya kumbukumbu hutengenezwa ili itunzwe. Mtu akiipata huifungia kabatini, humwonyesha mgeni, huirudisha. Kwa hiyo inayong'aa hainishangazi. Ninayoitafuta mimi ni ile ambayo watu walisahau kuwa ni ya sherehe, ikanunua chumvi, dagaa na mafuta ya taa, mpaka shavu la Mwalimu Nyerere likawa bapa.

Shilingi tano ya Tanzania ya 1971 ndiyo kipenzi changu. Ilitolewa kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, na ni miongoni mwa sarafu ambazo nchi nyingi zilitoa katika mpango wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa kuhimiza uzalishaji wa chakula. Ni kubwa na ina pembe pembe, si duara. Mwaka uliofuata ikaanza kutoka shilingi tano ya kawaida ya umbo hilohilo, nadhani ndiyo sababu ile ya kumbukumbu ilijichanganya na wenzake ikatumika tu, bila mtu kuibakiza.

Juzi nilimpitia bibi mmoja anayeuza mihogo upande wa boma la Wajerumani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akafungua pindo la kanga.

"Hii dukani hawaitaki, mjukuu wangu. Wewe ya nini?"

Nikamweleza kwamba ni ya uhuru, ya kutimiza miaka 10. Akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. Akasema aliipata kwenye malipo ya korosho, marehemu babu angali hai, na habari ya uhuru humo hakuijua. Alijua ni shilingi tano, na wakati huo shilingi tano ilikuwa pesa. Nilinunua na mihogo, mingi kuliko tunavyoweza kula nyumbani.

Nimeikagua usiku kucha kwa tochi. Nywele na shavu vimekwenda, maana palipoinuka ndipo panaposuguliwa kwanza. Ukingo umekonda. Maandishi yaliyo karibu na ukingo yamebaki nusu nusu, lakini mwaka unasomeka ukiiinamisha mwangani. Hakuna mkwaruzo mkali wala tundu. Hapo ndipo ninapotofautisha: kuchakaa ni kazi ya vidole na mifuko, huja polepole na huacha uso laini. Kutobolewa ili iwe kidani, kupigwa nyundo, kusuguliwa kwa ndimu na majivu, huko ni kuharibiwa. Ndimu inaniuma zaidi, kwa sababu anayeisugua anadhani anaitendea wema, kumbe anaondoa ile rangi ya moshi iliyochukua miaka mingi kujijenga.

Marekani kuna wakusanyaji wenye mapenzi haya haya. Wao hupima hali ya sarafu kwa kipimo cha Sheldon cha 1949, kuanzia 1 hadi 70, na wapo wanaoshindana kuipata ya 1, yaani iliyosagika hadi inatambulika kwa shida. Wanayo nusu dola ya Columbus ya 1892 na 1893, nayo ni sarafu ya kumbukumbu. Iliuzwa dola nzima kwenye maonyesho ya Chicago, wanunuzi hawakutosha, na nyingi zilizosalia zikaingia sokoni kwa thamani yake ya nusu dola. Ndiyo maana leo zipo za kumwaga zilizochakaa. Nikizisoma habari hizo najisikia nina ndugu mbali.

Kwetu kusini zipo sarafu zilizosagika kupita zote hizi, zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa Kisiwani. Hizo sizigusi. Ni mali ya urithi, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inazilinda, na anayeziokota ufukweni azipeleke kwa wahusika. Nasema hivi kwa sababu nimeshaletewa na mtu akiniuliza bei.

Sasa natafuta shilingi ishirini ya 1981, ya miaka 20 ya uhuru. Zote nilizoonyeshwa mpaka sasa zinang'aa kama zilitoka jana. Nataka iliyofanya kazi. Kama una mzee Masasi, Nachingwea au Lindi mjini mwenye kasha la zamani, muulize kwa adabu, na umwambie asiioshe kwanza.