Koti la kuvaliwa juu ya kanzu

Huku kwetu Unguja na Pemba koti linavaliwa juu ya kanzu pengine zaidi kuliko juu ya suruali: ndoa, maulidi, Idi. Kwa hiyo unapokwenda sokoni Darajani kutafuta koti, au kwa fundi kupimwa, nenda na kanzu mwilini. Koti lililokukaa vizuri juu ya fulana litakubana siku ya shughuli.

Anza na mabega. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukishuka sentimita 2 chini ya hapo, liache. Mikono na kiuno fundi atapunguza, lakini kurekebisha bega ni kulifumua koti, na kazi hiyo aghalabu haitoki sawa. Kisha funga kifungo: ngumi yako ipite baina ya koti na tumbo. Ukiona mikunjo inavutana pande zote kutoka kwenye kifungo, limebana.

Sasa geuka utazame nyuma, maana hapa ndipo kanzu inapodai koti lake. Chagua lenye mipasuo 2, kila ubavu mmoja. Mifuko ya kanzu iko ubavuni. Kila ukitia mkono kutoa simu, koti lenye mpasuo mmoja wa kati hujikunja na kupanda. Na ndoa zetu nyingi hufungwa msikitini, watu wamekaa chini, miguu imekunjwa. Koti lisilo na mpasuo huzuiliwa na sakafu, likasukumwa juu mpaka kola ikafika masikioni. Kabla ya kukaa, fungua kifungo.

Vifungo 2 vinatosha. Koti la vifungo 3 hufunga kifua juu mno na kuificha tarabuzi, ile nakshi ya uzi ya shingoni na kifuani, nayo ndiyo pambo la kanzu. Kifungo cha chini hakifungwi kabisa.

Mkono wa koti uishie kwenye kifundo, wa kanzu utokeze kama sentimita 1. Wakati wa kuvaa, bana ncha ya mkono wa kanzu kwa vidole ndipo uupitishe ndani ya koti. Usipofanya hivyo mkono wa kanzu utajikusanya kiwikoni, na hautoki mpaka uvue.

Rangi ni hiari yako, ila buluu iliyokoza haikosei juu ya kanzu nyeupe. Kitambaa kiwe sufu nyepesi au kitani. Tazama na bitana, kile kitambaa cha ndani: koti la sufu lenye bitana ya poliesta mwili mzima litakutoa jasho vilevile. Tafuta lenye bitana nusu, mgongo uwe wazi.

Koti jipya huja na nyuzi za msalaba kwenye mipasuo na kitambaa cha jina la kiwanda mkononi. Kata vyote, taratibu, kwa ncha ya mkasi.

Ukirudi shughulini, litundike penye upepo usiku mzima kabla ya kulitia kabatini, kwenye henga pana. Masika usilifunike kwa nailoni. Unyevu hubaki ndani, likaota ukungu. Na pasi isiguse sufu moja kwa moja: weka kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati, la sivyo koti litang'aa.