Naanzia ukurasa wa mwisho

Mimi gazeti nalianza nyuma. Siasa zitanisubiri, na matokeo ya mpira huwa nimeshayasikia. Ninachokitafuta ni safu ya vitabu, ile ya mtu mmoja yuleyule anayerudi kila wiki na mdomo wake.

Uhakiki wa kawaida nausoma kwa kujilazimisha. Utakuta muhtasari, sifa mbili tatu, lawama moja ya heshima, kisha kilemba cha ukoka mwishoni, maana mhakiki na mwandishi watakutana tena mwezi ujao kwenye uzinduzi wa kitabu kingine. Mwenye safu hana muda wa adabu hiyo. Ana chuki zake ndogondogo: dibaji ndefu, riwaya inayoanza kwa ndoto, mwandishi anayemshukuru paka wake. Ukimsoma mwaka mzima unazijua kama unavyozijua tabia za mjomba wako. Naona jalada la kitabu kipya, nabashiri atasema nini, na utamu wenyewe ni pale ninapobashiri nikakosea.

Wala si jambo la jana. Sainte-Beuve, mhakiki Mfaransa, alianza safu yake katika gazeti la Le Constitutionnel, Paris, mwaka 1849, ikitoka kila Jumatatu. Fikiria, watu waliingojea Jumatatu!

Lakini nikiambiwa nichague mmoja, ni Wisława Szymborska wa Poland. Wengi wanamjua kwa mashairi na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1996. Mimi nampendea safu aliyoianza mwaka 1967 katika Życie Literackie, gazeti la fasihi la kila wiki la Kraków. Alikuwa ameona kwamba wahakiki wanagombania vitabu vilevile vichache, huku miongozo na vitabu vya maarifa ya kawaida, vinavyonunuliwa kwa wingi, havisemwi na mtu. Basi akavichukua hivyo: cha kubandika karatasi za ukutani, cha yoga, cha ndege. Kuna wakati alihakiki hata kalenda ya ukutani, ile ya kuchana karatasi moja kila siku, akaipa uzito wote unaostahili kitabu. Na kweli, ukiitazama vizuri, kalenda ina kurasa nyingi kuliko riwaya nyingi, inasomwa na nyumba nzima, na haina kiburi cha kutaka kuishi kutuzidi. Hakuna riwaya niijuayo yenye unyenyekevu huo.

Hapo ndipo ninapouona ustadi. Kumcheka mtu aliyeandika kitabu kibovu ni kazi rahisi. Kumfanya msomaji akae na kitabu cha karatasi za ukutani mpaka aya ya mwisho, akicheka, na asijisikie kwamba amemcheka fundi, hilo si la kila mtu.

Sisemi vijembe vinanikera. Mwaka 1928, akiandika kwenye jarida la Marekani The New Yorker kwa jina la Msomaji wa Kudumu, mwandishi Dorothy Parker alikishika kitabu cha watoto cha yule dubu Winnie-the-Pooh. Alimaliza kwa kututajia, kwa kitembe cha mtoto mdogo, neno lililomfanya atapike. Nalionea huruma lile dubu, na bado nacheka.

Halafu kuna uchokozi wa aina ya J.C., yaani James Campbell, aliyekaa miaka mingi kwenye ukurasa wa nyuma wa Times Literary Supplement, gazeti la vitabu la Uingereza. Alibuni tuzo ya waandishi wanaokataa tuzo, akaipa jina la Jean-Paul Sartre, mwandishi Mfaransa aliyeikataa Nobel mwaka 1964. Kisha akadai kwamba sasa waandishi wanakataa tuzo nyingine ili wapate hiyo. Mzaha wa namna hii haukai ndani ya uhakiki mmoja. Unataka wiki nyingi, msomaji anayekumbuka, na mhariri asiyeuliza maswali.

Vitabu vyenyewe sivinunui sana, nisidanganye. Pengine kimoja katika kila safu kumi, na mara nyingi ni kile alichokiponda, kwa sababu sifa zinafanana ila makosa kila kitabu kina yake.

Kinachoniudhi ni likizo. Mwenye safu anaenda kupumzika, na nafasi yake wanampa msomi makini wa kutufafanulia umuhimu wa kusoma.