Marahaba ya Noailles

Nimerudi Freiburg jana usiku. Nguo bado zimo kwenye shanta, na kuna neno moja limeganda kichwani tangu Alhamisi.

Mengine ya wiki hii mmeshayasikia: mtihani wa Kijerumani nimepita, na wifi Rehema kajifungua salama, mtoto wa kiume. Nilikaa hapa niandike hayo. Mkono haukutaka.

Alhamisi asubuhi basi lilitushusha Saint-Charles, stesheni kuu ya Marseille, kusini mwa Ufaransa. Nikateremka zile ngazi 104 za stesheni na mzigo mgongoni, nikafuata watu mpaka soko la Noailles. Wanaoniambia Marseille ni Ulaya hawajafika Noailles. Bamia, ndizi mbichi, nazi, mihogo kwenye maboksi, muuzaji ananadi kwa sauti iliyokauka. Mbele yangu bibi mmoja, leso kaifunga juu ya koti zito, anavuta kikapu cha magurudumu. Mihogo miwili ikamponyoka.

Nikainama kuiokota. Mihogo ya huku hupakwa nta isikauke njiani, inateleza kama sabuni. Mmoja ulinitoka nikaukamata tena. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mkanda wa shanta isinilalie kichwani, kwa hiyo nilimpa kwa kushoto. Sikusema neno. Akanitazama usoni, akasema:

"Marahaba."

Wa kwetu mnajua maana yake. Bibi yetu, Mungu amrehemu, ndivyo alivyotulea. Yuko barazani anachambua mchele, ukimpita kimya anakuitikia salamu ambayo hukumpa. "Marahaba!" Hapandishi sauti, wala hainui macho kwenye ungo. Unarudi mwenyewe, unasema shikamoo, unasimama hapo mpaka akuruhusu.

Basi pale sokoni, mtu mzima na miaka yangu 31, nikasikia uso unawaka. "Shikamoo, bibi." Akakunja uso kidogo, kama asiyesikia vizuri, akasema maneno marefu ambayo ndani yake nilishika "mwana" tu. Akaondoka na kikapu chake.

Siku nzima ikaishia hapo. Nilikwenda Vieux-Port, bandari ya zamani, wavuvi wanauza samaki mezani, wengine bado wanapapatika. Nikapanda mpaka Notre-Dame de la Garde, lile kanisa la kilimani, upepo wa mistral unataka kunivua mtandio, bandari yote iko chini yangu na visiwa vyake, na mimi niko palepale kwenye mihogo. Alinijuaje kuwa ni mtu wa pwani? Ni ule mkono wa kushoto? Kwa nini sikuweka shanta chini kwanza nikampa kwa mikono miwili? Bibi alipofariki nilikuwa zamu, mnajua, sikumzika. Mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa kwenye simu, na mpaka leo sikumbuki kama nilimwamkia au nilianza moja kwa moja na habari za pesa za dawa. Hilo ndilo bibi wa Noailles alilolikanyaga bila kujua.

Jioni, jikoni kwenye hosteli, nikamsimulia kijana anayefanya usafi. Wazazi wake ni wa Ngazidja, yeye kazaliwa Marseille; Wakomoro wako mji ule kwa makumi ya maelfu. Akaacha kufuta meza. Akaniambia kwao marahaba ni ahsante. Mkubwa unamwamkia kwa "kwezi", naye anaitikia "mbona".

Ahsante! Alikuwa ananishukuru.

Nilipanda kitandani nikalirudia neno lile kwa sauti yake hasa, pale katikati akilivuta kidogo, na safari hii likaingia kama uji wa moto siku ya homa. Nilicheka peke yangu gizani. Halafu nikalia, lakini kilio kizuri. Jumamosi kabla ya basi nikarudi sokoni na "kwezi" yangu tayari mdomoni, shanta nimeiacha hosteli makusudi ili mikono yote iwe mitupu. Nilisimama kwa muuza mihogo karibu saa nzima. Hakuja. Nikapanda rue d'Aubagne, nikapita pale zilipoanguka nyumba tarehe 5 Novemba 2018, watu 8 wakafa, mmoja wao mama wa Kikomoro. Mitaa ile ngazi za nyumba ni nyembamba na zimechoka. Nikajiuliza bibi yangu anapanda zipi na kikapu kile.

Nimeandika "bibi yangu". Naiacha hivyo.

Mama kapiga simu sasa hivi. Mvua za vuli zimeanza Ngamiani na jiko linavuja. Fundi alichukua nusu ya hela toka mwezi wa nane, simu yake haipatikani, na mabati 12 bado yameegeshwa ukutani kwa jirani.