Kabla hamjafunga tumbo, badilisheni glovu

Kazi yangu ni kumkabidhi daktari vifaa wakati wa upasuaji, katika hospitali ya wilaya ambako matumbo mengi tunayofungua huja usiku: kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliojisokota, utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo. Mara nyingi usiku wenyewe tunauvuka. Kinachoninyima raha ni siku zinazofuata, pale mshono unapovimba na shashi kuanza kulowa usaha.

Kuna kijana wa bodaboda tuliyemfungua kwa sababu ya utumbo kutoboka. Homa ilishuka, akanywa uji, mama yake akaanza kukunja kanga za safari. Kisha mshono ukafumuka. Akabaki wodini mpaka pikipiki ikauzwa. Mama alikuwa akiniuliza, "Sista, si mlisema utumbo umepona?" Ulikuwa umepona kweli, nikamwambia, kilichooza ni nyama ya juu, pale tulipopita kuingia na kutoka.

Ndiyo maana nimeuchapa utafiti uitwao ChEETAh, wa kubadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, na kuubandika kwenye kabati la vifaa. Ulitoka katika jarida la The Lancet mwaka 2022. Ulihusisha hospitali 81 katika nchi 7, zikiwemo jirani zetu Rwanda, pamoja na Benin, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, India na Mexico, na wagonjwa 13,301. Hospitali ziligawanywa kwa kura. Upande mmoja uliendelea na mazoea yake. Upande wa pili, kabla ya kufunga tumbo, kila aliyekuwa mezani alivaa glovu mpya na kushika vifaa ambavyo havijagusa utumbo. Ndani ya siku 30, jeraha liliingia maambukizi kwa asilimia 18.9 ya wagonjwa wa mazoea na asilimia 16.0 ya wale waliobadilishiwa. Yaani katika kila majeraha 8 ambayo yangeoza, 1 liliponyoka. Na kwenye hospitali za mazoea, glovu na vifaa vilibadilishwa kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100! Hapo ndipo niliposimama nikasoma tena.

Mwaka mmoja kabla, utafiti mwingine, FALCON, ulijaribu vitu vya bei vya kuzuia jeraha kuoza: uzi uliopakwa triklosani, dawa ya kuua vijidudu, dhidi ya uzi wa kawaida, na kwa kusafishia ngozi, klorheksidini yenye spiriti dhidi ya povidoni-aiodini ya kawaida. Wagonjwa 5,788, na vile vya bei havikuvishinda vya kawaida. Kwa hospitali kama yetu hiyo ni habari njema sana.

Mkono uliotumbua samaki haukandi unga. Kila mama anajua. Lakini mezani, saa nane za usiku, mgonjwa presha imeshuka na mtu wa usingizi anasema "malizeni", mikono ile ile iliyokuwa ndani ya kinyesi ndiyo inayoshona ngozi. Siwalaumu wenzangu, najua uchovu ule. Ila uchovu unapangiwa mapema. Tumbo likishaoshwa, dokta anyooshe mikono, nasi wote tuvue. Kishika sindano, koleo, mkasi na bakuli la kufungia vikae kwenye kifurushi chao, kilichotakaswa na kufungwa peke yake, kisifunguliwe mpaka wakati huo. Hivyo hakuna wa kuanza kutafuta mkasi safi wakati damu inatoka.

Stoo wataniambia glovu hazitoshi. Basi wahesabu pia shashi, dawa za sindano na kitanda ambavyo mshono mmoja uliofumuka unakula, wailete hesabu hiyo kikaoni. Nitakuwepo.

Mnaofanya upasuaji wa tumbo, hasa wa Rwanda mliokuwa ndani ya utafiti huu, niandikieni: kifurushi chenu cha kufungia mnaweka nini, na nani anayesema "badilisheni" kwa sauti?