Siku moja maishani mwetu: bendi ya bluegrass (muziki wa nyuzi wa Marekani) baada ya kuondokewa na mwanzilishi

Saa kumi na mbili asubuhi, Nashville. Gari linapakiwa: besi kubwa ya kusimama inatangulia, maana ndiyo inayoamua vingine vikae wapi, kisha gitaa, fidla, banjo na mandolini. Mandolini ndiyo iliyobadili mikono. Aliyeipiga tangu bendi ianze ndiye pia aliyekuwa mwimbaji kiongozi. Tangu afariki, kazi yetu kubwa ni kuzipanga upya nyimbo zilezile zilingane na koo jingine.

Safari ni ya Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, karibu saa tano barabarani. Huko saa iko mbele kwa saa moja. Bendi isiyokumbuka hilo huingia jukwaani bila kujaribu sauti.

Saa tatu, ndani ya gari, tunapitia orodha ya nyimbo. Marehemu aliziimba nyingi katika ufunguo wa B, juu kabisa, kwa mtindo ambao Bill Monroe, baba wa bluegrass, aliwazoesha wapenzi wa muziki huu. Mwimbaji mpya yuko huru zaidi kwenye G, yaani nusu-toni (hatua ndogo kati ya noti na noti) nne chini. Anayeimba sauti ya juu anapata nafuu, lakini sauti ya chini inazama mpaka maneno hayasikiki. Tiba ni mbili: kukutana katikati kwenye A, au kuipandisha sauti ya chini oktava nzima (noti ileile, lakini ya juu zaidi) ikae juu ya wote. Nyimbo za kasi tunazipeleka A. Oktava tunaiwekea nyimbo za dini za mwendo wa taratibu, kwa sababu inataka mtu wa sauti nyepesi na muda wa kuvuta pumzi.

Mpigaji wa banjo naye ana hesabu yake. Kwenye B, kapo, kibano kinachobana nyuzi shingoni, hukaa freti ya 4 (freti ni vijiti vya chuma vya shingoni), na uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia freti ya 5, hunaswa chini ya kimsumari kwenye freti ya 9. Kwenye A, kapo hurudi freti ya 2 na uzi mfupi freti ya 7. Akihamisha kapo na kuusahau uzi huo, noti ya kigeni italia wimbo mzima, kwani kidole gumba hurudi hapo kila mara. Kapo pia huzivuta nyuzi zikapanda kidogo, kwa hiyo anatuni upya kila anapoihamisha.

Saa nane mchana, saa za Bristol. Mazoezini wanaanza wawili tu, besi na mandolini. Bluegrass kwa kawaida haina ngoma: besi hupiga pigo la 1 na la 3, mandolini hukata la 2 na la 4 kwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inayozimwa papo hapo, vidole vikilegea bila kuziachia nyuzi. Mandolini ikiwahi hata kidogo, banjo hukimbia nayo, na kufikia ubeti wa tatu mwimbaji hana pa kupumulia. Kwa wimbo wa mapigo 240 kwa dakika tunaweka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 120, na kila mlio unahesabiwa kuwa la 2 au la 4. Tunakaa hapo dakika 20. Mwenzetu ndiye aliyekuwa saa ya bendi, na pengo hilo lilitusumbua kuliko la sauti yake.

Solo za marehemu hatumwambii mpigaji mpya aziige. Bendi nyingine nazo ziliendelea na watu wapya. Carter Stanley, mwimbaji kiongozi wa Stanley Brothers, alipofariki Desemba 1966, ndugu yake Ralph alimchukua Larry Sparks aimbe kiongozi. Sparks baadaye akawa na bendi yake, naye Ralph akaendelea na bendi yake, Clinch Mountain Boys, mpaka alipofariki mwaka 2016. Bendi ya Seldom Scene, iliyoanzishwa Maryland mwaka 1971, ilimpoteza John Duffey Desemba 1996, mandolini na sauti ya juu kwa mpigo mmoja, na bado ikaendelea.

Saa kumi, jukwaani. Maikrofoni ni moja, ya kondensa, inayotaka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti). Inasimama usawa wa kidevu, na spika tunazojisikilizia jukwaani zinazimwa, la sivyo inapiga mluzi. Mwenye solo anaingia kwa ubavuni, anayetoka anarudi nyuma. Mgeni asipoijua njia hiyo, shingo ya mandolini inagonga ya gitaa na mwanzo wa solo unapotea. Basi tunatembea wimbo mzima bila kupiga chochote, tena na tena, mpaka miguu izoee.

Saa moja jioni, onyesho. Wimbo wa kwanza ni wa A, mwendo wa kati, na wa kasi zaidi unangoja mpaka besi na mandolini washikane. Wimbo aliotunga marehemu unakaa katikati ya orodha. Ukiwekwa mwisho, usiku mzima unageuka msiba.

Saa tatu, meza ya mauzo. Wanaouliza alipo tunawajibu waziwazi kwamba amefariki, kisha tunamtambulisha mwenye mandolini. CD alizorekodi marehemu zina daftari lao la hesabu. Fungu la familia yake linatolewa kwanza, halafu ndipo petroli, chakula na malipo yetu.