Siku Moja Maishani Mwangu: Mwanafunzi wa Keble, Oxford, Novemba 1873

Saa 1 asubuhi mtumishi aliniletea maji ya moto ya kunyolea, na saa 2 tulikuwa ibadani katika kanisa la muda, kwa kuwa kanisa lenyewe limewekewa jiwe la msingi mwaka huu tu. Kifungua kinywa tulikula sote bwaloni. Katika vyuo vingine vya Oxford kila kijana hula asubuhi chumbani kwake na kuwakaribisha wenziwe, desturi inayonenepesha madeni. Keble, kilichofunguliwa mwaka 1870 kwa ajili ya vijana wasio na mali nyingi, hakina anasa hiyo, na ndiyo sababu baba, kasisi wa kijijini, anaimudu ada ya pauni 81 kwa mwaka.

Saa 3 bawabu alinipa barua ya baba. Ndani yake mlikuwa na nusu ya noti ya pauni 5, iliyokatwa kwa mkasi katikati. Hivyo ndivyo watu waangalifu wanavyotuma fedha kwa posta: mwizi akiiba bahasha moja haambulii kitu, na nusu ya pili haitumwi mpaka mpokeaji ajibu kwamba ya kwanza imefika. Jibu langu, basi, lilipaswa kuondoka leo hii, pamoja na hesabu ya matumizi yangu, peni kwa peni.

Saa 4 hadi saa 7 tulikuwa darasani, tukitafsiri Kigiriki kwa zamu mbele ya mkufunzi. Baba atasimuliwa hayo kwa kirefu, hapa yanatosha.

Saa 8 mchana tulishuka mtoni kupiga makasia, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Giza lilipoingia tulivaa majoho na kofia, maana wasimamizi wa nidhamu wakimkuta mwanafunzi mjini usiku bila joho humtoza faini.

Baada ya chakula cha jioni niliketi kuandika. Ukurasa wa mama hauna taabu: mimi ni mzima wa afya, soksi zimefika, nyama ya bwaloni inalika. Ukurasa wa baba niliuandika mara mbili, kwa sababu ada ya chama cha makasia haikutaka kukaa popote katika hesabu ile. Stempu ya peni 1 hubeba barua isiyozidi aunsi 1 hadi kokote Uingereza, kwa hiyo nafasi ya kueleza ilikuwepo tele. Niliitia sandukuni mapema, kabla kengele ya Tom pale chuo cha Christ Church haijapiga mara zake 101, saa 3 na dakika 5, malango yakafungwa.

Habari ya makasia nimeiahirisha mpaka nusu ya pili ya noti ifike.