Usiku tulipochungulia ziwa la moto

Juzi mwanangu wa mwisho alikuwa ameingiza kidole kwenye tundu la jiwe la ukuta wetu. "Mama, nani aliyatoboa mawe haya yote?" Nikamjibu kwamba ni gesi. Hakuridhika, na mimi mawazo yangu yalikuwa yameshapanda mlimani.

Ilikuwa kabla ya Mei 2021, ziwa la lava, yaani mwamba ulioyeyuka, lingalipo ndani ya Nyiragongo, volkeno iliyo jirani na mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenishawishi. Tulianzia Kibati asubuhi, tukapita msituni, kisha kwenye lava iliyoganda ya mlipuko wa 2002, inayokwangua viatu, kisha ule mwinuko wa mwisho ambao magoti yangu bado yanaukumbuka. Giza lilitukuta ukingoni, mita 3,470, meno yakigongana kwa baridi.

Nilitegemea kuona miali. Huko chini, mbali, nikaona ngozi nyeusi iliyopasukapasuka, na katika kila ufa mstari mwekundu. Mistari ilikuwa inahama. Kipande kimoja kikizama, kingine kinajongea mahali pake. Halafu upande wa kushoto ngozi ikaanza kuvimba. Ikainuka, ikatanuka, weusi ukageuka wekundu, wekundu ukawa rangi ya chungwa, na kwa kitambo lile kuba likasimama vilevile, zima. Nikamshika kaka mkono. Likapasuka, lava ikaruka pande zote, na ndipo mlio ukatufikia, mzito, nikausikia kifuani kabla ya masikioni.

"Hicho kiputo kimetoka mbali," alisema mwongozaji wetu. Akaeleza taratibu, nami nikamsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu yeyote. Kule kilindini gesi imeyeyuka ndani ya magma, ndiyo lava ikiwa bado chini ya ardhi, imebanwa na uzito wa miamba. Magma ikipanda, mgandamizo unapungua na gesi inajitenga. Kabonidayoksaidi hutangulia ikiwa bado chini sana. Mvuke wa maji huchelewa hadi karibu na juu. Viputo vinatanuka, vinakutana, vinaungana, na kikubwa hupanda haraka kuliko vidogo. Magma ya Nyiragongo ina kidogo silika, ile madini inayoifanya magma iwe nzito kama uji, kwa hiyo ni nyepesi mno, na viputo vinapata njia. Ingekuwa nzito, vingenaswa humo na kuendelea kutanuka mpaka viirarue magma yenyewe.

"Dada, umeshapika uji mzito?" akaniuliza. "Si ndio ule unaokurukia mkononi?"

Nikaelewa hapo hapo. Nikaelewa pia mawe yetu ya Goma: lava ikiganda kabla viputo havijatoka, nafasi zao hubaki. Na mazuku, inayoua mbuzi mabondeni na wakati mwingine watoto, nayo ni kabonidayoksaidi inayovuja ardhini na kutulia mahali pa chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa.

Nilishuka kesho yake na amani kubwa. Niliona mlima unapumua, mdomo wazi, gesi inatoka usiku na mchana. Niliwaambia majirani hivyo, kwa moyo wote.

Kisha ikaja jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Lava haikufurika kutoka kileleni. Ubavu wa mlima ulipasuka, na wepesi uleule unaoviachia viputo ndio ulioifanya iteremke kwa kasi hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye, matetemeko yakiendelea, mji uliambiwa uhame, nasi tukaelekea Sake pamoja na umati, watoto na magodoro vichwani.

Tunabishana hadi leo, kaka na mimi. Yeye anashikilia kwamba volkeno inayotoa gesi yake wazi ni afadhali kuliko iliyoziba, na kuhusu milipuko naona ana haki. Mimi namwambia kiputo kinatoka juu, lakini uzito wa magma iliyojaa unasukuma kuta za mlima kwa pembeni, na huo hatukuuona usiku ule hata kidogo. Yeye husema basi tuhame. Hakuna kati yetu aliyehama.